Msimu wa Kutema

Machi 3

Mvua imeanza, na mama mkwe amekuja nayo. Paa la nyumba yake linavuja chumbani na jikoni, kwa hiyo mume wangu amemleta akae nasi mpaka mvua ikatike. Sikupinga. Nani apinge mzee wa watu kukaa pakavu? Lakini nimelifungua daftari hili kwa sababu kuna mambo siwezi kumwambia mtu, na la kwanza ni kwamba mama mkwe anatafuna mdomo ukiwa wazi.

Si wazi kidogo. Wazi kama mlango wa stoo, unaona kila kitu kinavyogeuzwa humo ndani. Meno ya juu ni ya bandia na hayajamkaa sawa, kwa hiyo taya likishuka yenyewe yanachelewa: tak, halafu tak nyingine. Katikati ya chakula huyatoa, huyalamba, huyarudisha. Mume wangu anamtazama kwa mapenzi matupu. Ni mama yake, hana analoliona.

Ukweni wananiita Bi Kinyaa, tangu siku ya kwanza waliponiona nafuta kijiko kabla ya kukitumia. Wao wanatania. Mimi naona wamenipatia.

Machi 5

Mvua. Viatu vya kazini vimeota ukungu wa kijani kwa ndani.

Machi 8

Mvua ikikolea, majani ya chai nayo hayashikiki. Magari yamepanga foleni mpaka getini, na sisi wa chumba cha kuonja hatupati nafasi ya kula wala ya kujikuna. Meza ndefu, vikombe vyeupe, mbele ya kila kikombe majani makavu, nyuma yake majani yaliyoloweshwa. Unachota kijiko, unavuta kwa nguvu mpaka chai inyunyize kinywa kizima, unaipa muda ikuambie tabia zake, unaitema kwenye ndoo ndefu ya magurudumu unayoisukuma kwa mguu. Kikombe kinachofuata. Mwenzangu tunamwita Filimbi kwa sababu akivuta chai anapiga mluzi. Mkuu wetu ana kikohozi kisichoisha. Ndoo ni moja, ya sote, na ikifika mchana ina povu.

Mwingine angetapika. Mimi, Bi Kinyaa mwenyewe, nimesimama pale miaka tisa na sijawahi kukunja uso. Mate ya kazini ni kama unga wa mbao kwa seremala.

Machi 12

Leo mezani moyo umenikimbia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nameza tonge la pili, mama mkwe mbele yangu ameshika meno yake anayalamba, mara kifuani kitu kikaanza kupiga harakaharaka, kama cherehani iliyokanyagwa na mtoto. Giza likaniingia pembeni mwa macho. Nikashika ukingo wa meza. Punde kikaacha, ghafla kama kilivyoanza.

"Vipi?" mume wangu akauliza.

"Hamna kitu."

Tonge la tatu, tena. Nikainuka, nikasema nimeshiba. Mama mkwe akamtupia mwanawe jicho. Najua anawaza nini. Anawaza mimba.

Machi 13

Tena. Tonge la kwanza kabisa. Nilikuwa namtazama mdomoni.

Machi 16

Nimepata jibu. Ni kinyaa. Wengine kinawashika tumboni, mimi kimepanda ghorofa moja. Leo nimeshinda natema na Filimbi kutwa nzima, moyo tuli. Narudi nyumbani, nakaa mbele ya lile domo, moyo mbio. Mtu anataka ushahidi gani zaidi ya huo?

Machi 19

Nimechukua sahani nikala chumbani, mgongo kwa mlango. Moyo ukakimbia vilevile. Ukuta wetu ni mwembamba, nilimsikia: tak, tak.

Machi 22

Daktari wa kiwanda ana tabia ya kuandika kabla hujamaliza kusema.

"Unafanya kazi wapi?"

"Chumba cha kuonja."

"Basi ni chai. Acha chai."

"Siinywi, daktari. Naitema."

"Hata hivyo," akasema, na kalamu ilikuwa imeshafika chini ya karatasi. Akanipa na dawa ya vidonda vya tumbo, kwa kuwa nilisema inanitokea wakati wa chakula. Kidole chake cha shahada kina ukucha mrefu, na chini ya ukucha kuna kitu cha njano. Aliutumia kunifungulia kope. Nimenawa uso mara tatu.

Machi 25

Dawa ya tumbo ina ladha ya chokaa iliyochacha. Moyo hauijui kabisa.

Machi 29

Kipimo cha moyo. Niliambiwa nije bila kula, nikaenda bila kula. Kitanda kilikuwa bado na joto la mtu aliyetangulia. Wakanipaka ute wa baridi kifuani, wakanibandika nyaya, mashine ikatoa karatasi yake ndefu.

"Moyo wako mzima kabisa," daktari wa kiwanda akasema. "Una matatizo nyumbani?"

Nikasema ninaye mama mkwe. Akacheka, akaandika.

Aprili 2

Mvua. Shuka zina siku nne kwenye kamba ya barazani na zinanuka mbwa. Mama mkwe ananichemshia viazi, anavipondaponda kwa mkono wake. Nikaona kidole kikienda mdomoni kuonja, kikarudi kwenye sufuria.

Nilisema asante. Nikaenda kuvimwaga nyuma ya nyumba, kwenye mvua.

Aprili 4

Leo nimevalishwa kile kipimo kidogo cha kukaa nacho kutwa na usiku kucha, kinaning'inia kiunoni kama redio. Sikula kitu, maji tu. Kwetu kazini, mtu anayetaka kuonja sawasawa haanzi na shibe, na mara ya kwanza si walinitaka bila kula? Kipimo ni kipimo. Nilitaka nacho kinipate msafi. Kiwandani tumeonja mafungu mengi kuliko siku zote, moyo ukaenda kwa adabu.

Aprili 9

Majibu: hakuna kitu. Daktari wa kiwanda ameandika "wasiwasi", akapiga mstari chini yake. Amenishauri nipate muda wa kupumzika na nijifunze kuwapenda watu. Alikuwa anatafuna njiti.

Aprili 12

Sketi ya kazini imenizunguka, zipu imekuja mbele. Mkuu ameniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo. Nikasema mvua. Akakubali, au akajifanya kukubali. Nimebaki mifupa na ngozi, na kila nikiona sahani nasikia woga. Nataka kula. Niandike hapa ijulikane: sijakataa chakula, nakitamani mpaka mate yananijaa. Ila nikimeza naona kama nakufa, na kinachonitazama nikifa ni lile domo.

Aprili 15

Leo nimesema.

Mume wangu alikuwa ametoka karakana yake ya makochi, ananuka gundi, anakula huku amesimama jikoni kwa sababu siku hizi hakuna anayekaa mezani. Nikafunga mlango.

"Mama arudi kwake," nikasema.

Akaacha kutafuna. Yeye hufunga mdomo, ndiyo maana nilikubali kuolewa naye.

"Kwake kunavuja."

"Najua kunavuja."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni mdomo wake. Nikimwona anakula, moyo unanikimbia. Daktari mwenyewe amesema moyo ni mzima, tatizo liko nyumbani. Sasa nyumbani kuna nani mgeni?"

Nikaona anavyozihesabu mbavu zangu kwa macho, na nikajua nimeshinda, maana mtu aliyekonda hivi habishiwi. Ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya kile kidonge cha chokaa.

"Unataka nimwambie mama yangu aondoke kwa sababu anatafuna?"

"Mwambie chochote."

Akafungua mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye korido, kikombe cha meno yake mkononi. Bila meno uso wake huporomoka, mashavu yanaingia ndani. Alitupita, akamwaga maji ya kile kikombe kwenye sinki ninamooshea vyombo, akarudi chumbani. Hata wakati ule nilikunja uso. Siwezi kusema uongo humu.

Aprili 17

Ameondoka asubuhi, kwenye mvua, ndoo mbili mpya zikiwa za kwanza kwenye orodha ya vitu alivyomwomba mwanawe amnunulie. Kanga zake zimekunjwa, kitanda amekitandika. Jikoni ameacha bakuli la viazi vilivyopondwa, amelifunika kwa sahani.

Sikulifunua. Nililitupa pamoja na sahani.

Aprili 18

Nimekunywa uji mwepesi, taratibu, kijiko kimoja kimoja. Moyo haukujitikisa. Nyumba imenyamaza, hakuna tak. Nimemwambia mume wangu, "Unaona?" Akachukua mto wake. Ameanza kulala karakana kwa visingizio vya kazi.

Aprili 19

Uji. Moyo kimya. Mvua.

Aprili 21

Nimeanguka.

Ilikuwa mchana, siku yangu ya mapumziko, niko peke yangu. Nilisikia njaa ya kweli, njaa yenye furaha, nikachemsha mayai mawili. Nikamenya la kwanza, nikaling'ata, nikameza kipande kikubwa kama mtu mzima. Kikiwa katikati ya kifua, moyo ukaondoka. Haukupiga mbio, uliondoka kabisa na kila kilichomo. Nilisikia sikio likivuma, nikaona mlango wa kabati unainama, baada ya hapo sijui.

Nilipozinduka shavu lilikuwa sakafuni, kwenye maji machafu ya ufagio, na yai lililobaki lilikuwa bado mdomoni, nusu limetafunwa, linanitoka pembeni pamoja na mate. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Niliona yote hayo kwenye kioo cha mlango wa jiko la gesi, kwa sababu kiko usawa wa sakafu: mwanamke mwenye domo wazi, ute wa njano kidevuni. Sijawahi kuona kitu cha kutia kichefuchefu kama kile.

Nikatafuta wa kumlaumu. Nyumba ilikuwa tupu. Hapakuwa na meno, hapakuwa na mtu nyuma ya ukuta. Nilikuwa mimi na yai.

Nililala pale chini nikalia, si kwa sababu ya kuumia. Nilijichukia. Nimemtoa mzee kwenye nyumba kavu, nikampeleka kwenye mvua, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Aprili 22

Nimemwambia mume wangu yote. Alisikiliza, akafuta gundi vidoleni, akasema, "Kesho hospitali kubwa." Ningependa anifokee kwa ajili ya mama yake.

Aprili 26

Baada ya siku tatu za kusubiri zamu, tumemwona daktari wa moyo. Ni mwanamke wa makamo, ana mafua, anapangusa pua kwa karatasi na kuzirundika mfukoni mwa koti jeupe. Nilifikiri: huyu naye. Lakini alikuwa na jambo ambalo yule wa kiwanda hakuwa nalo, alikaa kimya mpaka nikamaliza.

Nilimweleza kila kitu, mama mkwe, meno, yai. Niliona aibu nikaendelea. Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni anatazama viatu vyake.

"Kwa hiyo ulidhani ni kinyaa," daktari akasema.

"Ndiyo."

"Na kazini mnatema kwenye ndoo moja."

"Moja, ya sote."

"Haikutii kinyaa?"

"Nimezoea."

"Mate ya chumba kizima umeyazoea, mdomo wa mama mmoja umekushinda." Akapangusa pua. "Kazini moyo haukimbii hata kidogo? Unaweka chai mdomoni siku nzima."

"Haukimbii."

"Na unaimeza?"

"Hatumezi, daktari. Tunatema. Ukimeza, ladha ya fungu moja inakufuata kwenye jingine."

Alinitazama huku karatasi imeganda puani. Akavuta zile karatasi zangu za vipimo, akazipitia moja moja.

"Hiki cha kwanza ulikuwa umekula?"

"Niliambiwa nisile."

"Na hiki cha kutwa?"

"Sikula."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna. Niliona kipimo kinataka mtu msafi. Sisi hatuonji tukiwa tumeshiba."

Daktari akafumba macho kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka au kutukana. Kisha akamtuma mume wangu kantini akanunue mkate na chai.

Walinilaza nusu nimekaa, kifua wazi, ute wa baridi, nyaya. Kwenye skrini mstari ukawa unatembea vizuri. Akaniambia nivute chai kijikoni kama kazini na kutema kwenye beseni. Nikavuta, nikatema. Mstari haukubadilika. Akaniambia nimeze maji kidogo. Ukaruka mara moja, ukarudi. "Sasa mkate," akasema. "Kipande cha kushiba. Tafuna, umeze."

Nilitafuna. Mume wangu alinishika kifundo cha mguu, ndiyo sehemu pekee isiyokuwa na waya. Nikameza, na mara ile mstari ukabanana, vilele juu ya vilele, mashine ikaanza kulia, cherehani ikaingia kifuani. Nikaona kwa macho yangu kile kitu kilichonila msimu mzima. Mkate ukashuka, mstari ukatulia.

"Tena," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Akafungua mlango akawaita wenzake. Wakaja madaktari vijana, wakajipanga miguuni pangu wanatazama skrini, mara skrini mara mdomo wangu. "Ni nadra," akawaambia. "Mimi mwenyewe nimewahi kuiona mara moja tu. Chakula kikipita kwenye koo la ndani, nyuma ya moyo, moyo unashtuka unaanza kwenda mbio kutoka vyumba vyake vya juu. Mgonjwa asiyemeza hana ugonjwa. Endelea, mama, kula."

Nikala. Kifua wazi, makombo yananigandia kwenye ute, mdomo umejaa, siwezi kuufunga kwa sababu pumzi inanikatika, na watu wazima wamekodoa macho wanasubiri nimeze. Kijana mmoja alikunja uso kidogo. Kidogo sana, akajirekebisha. Nilimjua. Alikuwa mimi.

Mei 2

Wamenipiga picha ya koo. Nimemeza maji meupe mazito yenye ladha ya rangi ya ukutani. Koo halina kasoro. Mvua.

Mei 6

Nimeanza dawa, nusu kidonge asubuhi na jioni. Daktari amesema isipotosha wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, wachome mahali panapoanzisha fujo. Kwa sasa nile vipande vidogo, nitafune sana. Nitafune sana! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi za hospitali.

Mei 9

Kipande cha mkate, mara mbili. Moyo ulijitikisa, ukaghairi.

Mei 11

Tumeenda kumchukua.

Kitanda chake kiko katikati ya chumba, kwa sababu pembe zote zinavuja. Ndoo zile mbili zimejaa, sufuria nazo zimejaa. Godoro linanuka. Ukuta una madoa meusi, na yeye ana kikohozi kinachotoka chini kabisa. Alikohoa mbele yetu, akatema kwenye kopo la maziwa, akakitazama alichotema, akaliweka kopo chini ya kitanda. Nikatazama pembeni. Kopo lile limeletwa na mimi niliyemrudisha kwenye unyevu, ndivyo nilivyojiambia, na kinyaa hakikunisikiliza.

Mume wangu alibeba mizigo. Nikabaki na mama mkwe.

"Mama, haikuwa wewe," nikasema. "Ni ugonjwa. Umeonekana kwenye mashine. Ningemeza mbele ya malaika ungenishika vilevile."

"Mimi nilijua si mimi," akasema. "Nilidhani ni mimba."

"Nimekukosea sana. Nisamehe."

Alikuwa anatafuta kiatu chake kwa mguu, chini ya kitanda, karibu na kopo. Nikainama nikamtolea.

"Mbona siku ile ulinyamaza?" nikamuuliza. "Ungenifokea hata kidogo."

"Mtu ameuchukia mdomo wangu, mwanangu. Nizungumze naye kwa kutumia nini?"

Nikamvalisha kiatu.

Mei 14

Daktari amemsikiliza kifua, amempa dawa. Kopo nalo limekuja nyumbani, jipya amelikataa. Nalimwaga mimi, asubuhi na jioni. Nageuza uso, naziba pua, namwaga.

Mei 17

Mvua imepungua. Kazini Filimbi amenisifu kwamba mashavu yanarudi. Ndoo ya kutemea nimeitazama leo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, nikaona ni chafu kupindukia.

Mei 23

Jua. Shuka zimekauka, zinanuka shuka.

Jioni tumekaa mezani wote watatu. Mama mkwe amevichemsha viazi, amevipondaponda kwa mkono, kidole kimeenda mdomoni kikarudi sufuriani. Nilikiona. Nikapakua. Mume wangu akajifanya ana shughuli na chumvi.

Nikaweka tonge mdomoni, nikatafuna sana, kama nilivyoagizwa. Mama mkwe naye alikuwa anatafuna, tak, tak, mara tak ikakatika. Nikainua macho. Alikuwa amesimamisha taya katikati, mdomo wazi, viazi vyote vinaonekana juu ya ulimi, ananitazama koo.

"Meza," akasema, viazi vikiwa humo humo, na kipande kikamruka kikatua mezani karibu na sahani yangu.

Nikameza. Likashuka, likapita pale nyuma ya moyo. Tulisubiri, mimi na yeye, hata kukohoa alikuzuia. Moyo ukapiga mara moja, ukapiga mara ya pili, wa kawaida, wa mtu anayekula chakula chake.

"Umetulia?" akauliza.

"Umetulia, Mama."

Akarudi kutafuna. Akayatoa meno, akayalamba, akayarudisha. Kinyaa kikanipanda palepale, chote, kile kile cha Machi, na moyo haukukitambua. Nikafuta kile kipande kilichoruka, nikasogeza sahani, nikapakua tena.